Ubadilishaji wa vipimo vya chakula kutoka ujazo kwenda uzito

Ubadilishaji wa vipimo vya chakula kutoka ujazo kwenda uzito ni hesabu ya kujua chakula kilichopimwa kwa chombo, kama vile kikombe, kopo, sado, ndoo au debe, kina gramu au kilogramu ngapi. Hesabu hii hutumika jikoni, sokoni, ghalani, shuleni na hospitalini. Katika Afrika ya Mashariki ina umuhimu wa pekee, kwa kuwa wakulima na wateja wengi bado hupimiana chakula kwa vyombo, ilhali bei rasmi, mikopo na takwimu za mazao huandikwa kwa kilo au tani.

Hakuna kizidisho kimoja kinachofaa kwa vyakula vyote. Lita moja ya asali ina uzito wa takriban kilo 1.4, lakini lita moja ya karanga zenye maganda ina takriban robo kilo tu. Hata kwa chakula kilekile, uzito hubadilika kulingana na ukavu wake, jinsi kilivyoshindiliwa na jinsi chombo kilivyojazwa.

## Kanuni

Ujazo ni nafasi inayochukuliwa na kitu, na hupimwa kwa lita au mililita. Katika fizikia, kiasi cha maada kinachopimwa kwa kilogramu huitwa tungamo au masi. Katika lugha ya kila siku na ya biashara huitwa uzito, na makala hii inafuata matumizi hayo.

Kanuni ya kubadilisha ni hii:

Uzito (kilo) = ujazo (lita) × uzito wa lita moja ya chakula hicho (kilo)

Kwa maji hesabu ni nyepesi, kwa sababu lita moja ya maji ina uzito wa karibu kilo moja kamili. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina kilo 20, mbali na uzito wa ndoo yenyewe. Kwa nafaka, mikunde na unga, sehemu ya chombo hujazwa na hewa iliyo kati ya punje na punje. Kwa hiyo kinachohesabiwa si uzito wa punje peke yake, bali uzito wa punje pamoja na nafasi zilizo kati yake.

## Vipimo vya kale vya Waswahili

Kabla ya kuenea kwa kilo na lita, watu wa pwani walikuwa na vipimo vya ujazo na vipimo vya uzito vilivyotumika bega kwa bega.

Vipimo vya ujazo vya nafaka vilikuwa hasa vitatu: kibaba, kisaga na pishi. Vibaba viwili hufanya kisaga kimoja, na visaga viwili hufanya pishi moja. Kwa hiyo pishi moja ni vibaba vinne. Methali "haba na haba hujaza kibaba" inatokana na kipimo hiki.

Vipimo vya uzito vilikuwa pamoja na wakia, ratili na frasila. Wakia 16 hufanya ratili moja, ambayo ni takriban gramu 450. Frasila ilikuwa na takriban ratili 35, yaani karibu kilo 16, na ilitumika kwa bidhaa za biashara kubwa kama karafuu na pembe za ndovu.

Waswahili walitofautisha pia namna mbili za kujaza chombo. Kibaba cha mfuto ni kile kilichosawazishwa juu kwa kufutwa kwa mkono au kijiti. Kibaba cha tele ni kile kilichojazwa mpaka kikawa na kilima juu ya ukingo. Tofauti hii inasaidia kueleza hesabu za kamusi za zamani, ambazo husema kwamba kibaba ni sawa na painti moja ya Kiingereza (takriban lita 0.57) na kwamba kibaba cha nafaka kina uzito wa takriban ratili moja na nusu (gramu 680). Takwimu hizo mbili hazipatani kwa kibaba cha mfuto, kwa kuwa lita 0.57 za mchele zina gramu 460 hivi tu. Zinakaribiana zaidi ikiwa kibaba kilijazwa tele.

Pishi imebaki hai katika dini ya Uislamu. Kwenye mafundisho ya Kiswahili, kipimo cha Kiarabu cha *sa'a* hufasiriwa kuwa pishi, na zaka ya fitri inayotolewa mwishoni mwa Ramadhani ni pishi moja ya chakula kikuu cha mahali kwa kila mtu. Kwa kuwa chakula siku hizi hununuliwa kwa kilo, wanazuoni wamelazimika kubadilisha kipimo hicho kuwa uzito. Makadirio yao hutofautiana, na mengi huangukia kati ya kilo 2 na kilo 3. Sababu mojawapo ya tofauti hiyo ni kwamba pishi ni ujazo: pishi ya mchele, ya ngano na ya tende haziwezi kuwa na uzito mmoja.

## Vyombo vya sokoni

Vyombo vingi vinavyotumika sokoni leo ni vifungashio vya viwandani vilivyopewa kazi ya pili.

* Debe lilikuwa bati la mafuta ya taa lenye galoni 4 za Kiingereza, yaani takriban lita 18. Siku hizi nafasi yake mara nyingi huchukuliwa na ndoo ya plastiki ya lita 20, ambayo nayo huitwa debe.
* Sado ni kopo la rangi la lita 4. Jina limetokana na rangi za Sadolin. Nchini Tanzania hutumika kupimia mahindi, maharage, nyanya, vitunguu na viazi.
* Gorogoro ni kopo linalotumika nchini Kenya, ambalo kwa kawaida huhesabiwa kuwa na kilo 2 za mahindi. Asili yake ni makopo ya mafuta ya kupikia.
* Gunia huhesabiwa kwa madebe. Tanzania gunia la mahindi la kilo 100 huhesabiwa kuwa madebe 6. Kenya gunia la kilo 90 huhesabiwa kuwa madebe 5.

Hesabu ya gunia inaonyesha jinsi kujaza tele kulivyozoeleka. Kilo 100 zikigawanywa kwa madebe 6 kila debe lina karibu kilo 16.7. Hata hivyo, lita 20 za mahindi makavu zikisawazishwa huwa na kilo 15 hivi. Kilo zilizobaki zinatokana na kilima cha juu, na na ndoo ambazo zikijazwa hadi ukingoni hubeba zaidi ya lita zilizoandikwa.

Vyombo hivi vinaendelea kutumika kwa sababu zinazoeleweka. Mizani hugharimu fedha na huhitaji kuhakikiwa, lakini kopo hupatikana bure. Mteja anayetaka chakula cha siku moja hupimiwa haraka, na pande zote mbili huona kwa macho kilichotiwa.

## Jedwali la makadirio

Jedwali hili ni la chakula kikavu kilichomiminwa bila kushindiliwa na kusawazishwa juu (mfuto). Takwimu ni za wastani. Aina ya mbegu, ukavu na ukubwa wa punje vinaweza kuzibadilisha kwa asilimia 5 hadi 10, na unga hata zaidi.

| Chakula | Lita 1 (kilo) | Sado ya lita 4 (kilo) | Ndoo ya lita 20 (kilo) |
|---|---|---|---|
| Asali | 1.4 | 5.6 | 28 |
| Chumvi laini | 1.2 | 4.8 | 24 |
| Maji | 1.0 | 4.0 | 20 |
| Mafuta ya kupikia | 0.92 | 3.7 | 18.4 |
| Sukari | 0.85 | 3.4 | 17 |
| Mchele | 0.8 | 3.2 | 16 |
| Maharage, mbaazi, choroko | 0.8 | 3.2 | 16 |
| Mahindi makavu, mtama | 0.75 | 3.0 | 15 |
| Karanga zilizobanguliwa | 0.65 | 2.6 | 13 |
| Korosho ghafi | 0.6 | 2.4 | 12 |
| Ufuta | 0.6 | 2.4 | 12 |
| Unga wa mahindi | 0.6 | 2.4 | 12 |
| Mpunga | 0.55 | 2.2 | 11 |
| Unga wa ngano | 0.55 | 2.2 | 11 |
| Karanga zenye maganda | 0.25 | 1.0 | 5 |

Kwa mfano, shule inayopika ugali kwa wanafunzi 120, kila mmoja gramu 250 za unga, inahitaji kilo 30. Ukigawanya 30 kwa 0.6 unapata lita 50, yaani ndoo mbili na nusu za lita 20. Mpishi akidhani kwamba ndoo moja ya unga ina kilo 20 kama ya maji, atatoa ndoo moja na nusu, na chakula hakitatosha.

## Sababu za tofauti

### Kilima cha juu

Nafaka ikimiminwa hujenga kilima chenye mwinamo wake wa asili, ambao kwa mahindi ni nyuzi 25 hivi. Kwa hiyo ukubwa wa kilima hutegemea upana wa mdomo wa chombo, si kina chake.

Ndoo ya lita 20 yenye mdomo wa sentimita 30 hubeba kilima cha takriban lita 1.6, yaani nyongeza ya asilimia 8. Sado yenye mdomo wa sentimita 17 hubeba kilima cha lita 0.3, ambayo pia ni chini ya asilimia 8. Lakini bakuli la lita 2 lenye mdomo wa sentimita 24 hubeba kilima cha zaidi ya lita 0.8, yaani nyongeza ya asilimia 40 au zaidi. Kadiri chombo kilivyo kipana na kifupi, ndivyo anayepimiwa kwa tele anavyofaidi na anayetoa anavyopoteza.

### Kushindilia na kutikisa

Punje zikitikiswa hujipanga upya na hewa hupungua. Athari hii ni kubwa zaidi kwenye unga. Kikombe cha unga wa ngano uliochekechwa kinaweza kuwa na gramu 115 hivi, na kikombe hichohicho kikishindiliwa kikapita gramu 160. Ndiyo sababu waokaji hupendelea mizani.

### Unyevu

Chakula chenye maji ni kizito zaidi. Kilo 100 za zao lenye unyevu wa asilimia 20 zina kilo 80 za chakula kikavu. Zikikaushwa hadi unyevu wa asilimia 10 hubaki kilo 89 hivi. Mizani nayo haisemi kila kitu: mnunuzi wa kilo za mahindi mabichi ananunua pia kilo za maji. Kwa sababu hiyo maghala hupima unyevu kabla ya kupokea mazao.

### Maganda na ukubwa wa punje

Mpunga una ganda linalochukua nafasi, kwa hiyo debe la mpunga ni jepesi kuliko debe la mchele. Mpunga ukikobolewa hutoa mchele wa takriban theluthi mbili ya uzito wake. Vyakula vya maumbo makubwa yasiyolingana, kama makopa ya muhogo, viazi na nyanya, huacha mapengo makubwa, na makadirio ya ujazo kwa vyakula hivyo hukosea zaidi.

### Chombo chenyewe

Ndoo inaweza kubonyezwa, kukatwa ukingo au kuinuliwa kitako. Ndoo iliyopashwa moto na kutanuliwa hubeba zaidi ya lita zilizoandikwa. Jina la chombo halibadiliki, lakini ujazo wake umebadilika.

## Kupata uzito wa chombo kisichojulikana

Mtu mwenye mizani kwa muda mfupi anaweza kupima chombo chake mara moja na kutumia matokeo kwa muda mrefu.

1. Pima chombo kikiwa kitupu. Kwa mfano, kilo 0.3.
2. Kijaze maji hadi ukingoni, kisha upime. Kwa mfano, kilo 4.5. Uzito wa maji ni 4.5 − 0.3 = 4.2, kwa hiyo chombo kina lita 4.2.
3. Kikaushe, kijaze chakula bila kushindilia, futa juu kwa kijiti kilichonyooka, kisha upime. Kwa mfano, mahindi yanatoa kilo 3.45. Uzito wa mahindi ni 3.45 − 0.3 = 3.15.
4. Gawanya 3.15 kwa 4.2. Jibu ni 0.75, yaani kila lita ya mahindi hayo ina kilo 0.75.
5. Rudia mara tatu na kuchukua wastani.

Hesabu hiyo husaidia pia kulinganisha bei. Ikiwa sado ya maharage yenye kilo 3.2 inauzwa shilingi 9,000, kilo moja inagharimu shilingi 2,812 hivi. Duka linalouza kilo kwa shilingi 2,700 lina bei nafuu zaidi, ingawa sado inaonekana nyingi kwa macho.

## Korosho katika uwanda wa Wamakonde

Kitangari ni kata katika Wilaya ya Newala, Mkoa wa Mtwara, kusini mwa Tanzania. Kama ilivyo Masasi, Tandahimba na maeneo mengine ya jirani, wakazi wake hulima muhogo, mtama, mbaazi, choroko, karanga na ufuta, lakini zao kuu la fedha ni korosho. Hapa tofauti kati ya ujazo na uzito imekuwa suala la kipato cha kaya.

Tangu msimu wa 2007/2008, korosho za Mtwara zimeuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, unaotokana na sheria ya mwaka 2005. Mkulima hupeleka korosho kwenye chama cha ushirika cha msingi (AMCOS), ambako hupimwa kwa mizani. Kisha hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada kwa bei ya kilo. Vyama vikuu vinavyosimamia ni TANECU kwa Newala na Tandahimba, na MAMCU kwa maeneo ya Masasi na Mtwara.

Nje ya mfumo huo kuna ununuzi usio rasmi unaojulikana kama kangomba. Mnunuzi hununua korosho kijijini moja kwa moja, mara nyingi kabla ya msimu kufunguliwa au kabla ya mavuno, na hupima kwa bakuli au kopo badala ya mizani. Wanaouza kwa njia hii mara nyingi ni wakulima wenye shida ya haraka ya fedha, kama vile chakula, matibabu au ada. Serikali imepiga marufuku ununuzi huo.

Hasara ya mkulima hutokana na bei ya chini na pia na kipimo. Chukua bakuli la lita 2 lililotajwa juu. Likiwa la mfuto lina kilo 1.2 za korosho ghafi. Likijazwa tele kwa nyongeza ya asilimia 40 lina kilo 1.68. Mnunuzi akilipa bakuli kama "kilo moja", mkulima ametoa kilo 0.68 bila malipo. Kwa bakuli 100 ni kilo 68.

Mnamo Novemba 2018 serikali ya Rais John Magufuli ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kwa bei hiyo, kilo 68 zilikuwa na thamani ya shilingi 224,400. Kabla ya malipo ya msimu ule ulifanyika uhakiki wa wauzaji, ili kutenganisha wakulima wenye mashamba na wafanyabiashara wa kangomba.

## Sheria

Nchini Tanzania vipimo vya biashara husimamiwa na Wakala wa Vipimo, uliozinduliwa mwaka 2002, chini ya Sheria ya Vipimo (Sura ya 340). Wakala hukagua mizani kila mwaka na kuzibandika alama ya uhakiki.

Tatizo linalopigwa vita kwa muda mrefu ni lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi na kuongezewa kilima kinachofungwa juu kwa kamba au wavu. Gunia likiuzwa kwa bei ya gunia na si kwa kilo, mkulima hulipwa sawa kwa gunia la kawaida na kwa lumbesa. Ni kibaba cha tele kilichokuzwa. Nchini Kenya, kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa mfuko kwa sababu hiyohiyo.

## Jikoni na katika afya

Vitabu vya mapishi hutumia kikombe cha kupimia cha mililita 250 (Marekani mililita 240), kijiko cha chakula cha mililita 15 na kijiko cha chai cha mililita 5. Kikombe cha mililita 250 kina takriban gramu 200 za mchele, gramu 210 za sukari au gramu 140 za unga wa ngano. Vikombe vya chai vya nyumbani havina ukubwa mmoja, hivyo mapishi yenye "kikombe" hufanikiwa ikiwa viungo vyote vimepimwa kwa kikombe kilekile.

Katika mambo ya afya, tofauti ya mfuto na tele inaweza kuwa ya hatari. Mgonjwa wa kuharisha asiyeweza kupata pakiti ya ORS anaweza kutengenezewa maji ya chumvi na sukari nyumbani: lita moja ya maji safi na salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko vyote ni vya mfuto. Chumvi ikijazwa tele mchanganyiko huwa mkali kupita kiasi, na unaweza kumdhuru mtoto mdogo. Pakiti ya ORS huondoa kosa hilo, kwa kuwa viungo vyake vimeshapimwa kwa gramu kiwandani. Kinachobaki kupimwa nyumbani ni maji tu.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni karibu kijiko kimoja cha chai cha mfuto.

## Tazama pia

* Kibaba
* Pishi
* Frasila
* Densiti
* Mizani
* Mkorosho
* Wilaya ya Newala